Ndizi Tatu na Sikio la Warigia

Magdalene alipanda ngazi ishirini na mbili kwenda kuiokoa roho ya binti yake, na alipofika juu alikuta ndizi.

Zilikuwa tatu, zimelala juu ya meza katikati ya chumba, na zote zilikuwa zimevaa maganda. Ni muhimu jambo hili lisemwe mapema, kwa sababu Bridget wa kikundi cha akina mama kanisani alikuwa amemwambia, baada ya kuapa kwamba yeye si mtu wa kuongea sana, kwamba kule Thika, juu ya duka la vitambaa, watu wazima, binti yake akiwemo, hukutana kila Jumamosi kuchora watu wasio na nguo. Bridget mwenyewe hakuwa amefika. Alikuwa amesikia. Magdalene aliishi na habari hiyo siku nne huko Kalimoni, akawalisha nguruwe wake bila kuwasemesha, na Jumamosi ilipofika akafunga kilemba chake cha bluu, akachukua mkoba wake mkubwa na kumfuata binti yake mjini.

Sasa alisimama mlangoni akihema. Watu wazima wanane walikuwa wamezunguka meza, kila mmoja na ubao mapajani na karatasi juu ya ubao, na wote walikuwa na nguo. Wengine walikuwa hata na sweta.

Darasa lilikuwa la Mwalimu Daksha, aliyefundisha sanaa katika shule za upili kwa miaka thelathini na kustaafu bila kuchoka. Chumba kilikuwa cha kaka yake, Pradip, mwenye duka la chini, aliyemwazima kwa sharti kwamba wachoraji wasiguse mirundo ya vitambaa iliyopangwa ukutani. Mwalimu Daksha naye alikuwa na masharti yake mawili. Kifutio hakiruhusiwi, maana ukikosea utaishi na kosa lako kama watu wengine. Na ndizi hazibadilishwi. Hii ilikuwa Jumamosi ya tatu ya ndizi zilezile. Ya kwanza zilikuwa za manjano, ya pili zikaota madoa, na leo zilikuwa nyeusi, zimelegea, na nzi wawili walikuwa wamejiandikisha darasani bila kulipa.

Magdalene alimsalimia kila mtu kwa mkono, akianzia kulia, kama anavyofanya matangani. Alipofika kwa binti yake alimpa mkono pia. Warigia akaupokea kama mtu anayepokea barua kutoka kwa mwalimu mkuu. Mwalimu Daksha alimletea mgeni kiti na chai yenye tangawizi, akamuuliza kama angependa karatasi. Magdalene akasema amekuja kuangalia tu.

"Kuangalia ndiyo kazi yenyewe, Mama," alisema Mwalimu Daksha. "Kuchora kunakuja baadaye."

Basi Magdalene akakaa nyuma, akaweka mkoba miguuni na kuangalia.

Itafaa msomaji ajue kwamba Warigia alikuwa na miaka thelathini na tatu na alifanya kazi katika duka la miwani. Watu walikuja kwake dunia ikiwa na ukungu, akawawekea vioo, akapinda mikono ya miwani mpaka ikakaa sawa juu ya masikio yao, nao wakatoka nje wakishangaa kwamba miti ina majani. Yeye mwenyewe alivaa miwani ya duara. Aliishi na mama yake tangu ndoa yake ivunjike, miaka mitatu iliyopita, na darasa hili lilikuwa kitu pekee katika wiki yake ambacho hakuna aliyemwomba akifanye.

Itafaa pia kumjua Boaz, aliyekaa ng'ambo ya meza. Boaz alikuwa fundi wa mizani huko Ruiru. Ukinunua nyama kilo moja mjini humo na ikawa kilo kweli, huenda ni yeye aliyepita hapo karibuni. Mikono yake ilikuwa mizito, lakini ilishika penseli kama anayeshika kifaranga. Alikuwa amejiunga na darasa, alivyomwambia mwalimu siku ya kwanza, kwa sababu alichoka kuangalia vitu akijiuliza vina gramu ngapi.

Magdalene hakujua lolote kati ya haya. Alichokiona ni mwanamume mwenye mabega mapana akinyoosha mkono mbele, akifumba jicho la kushoto na kuelekeza penseli aliko Warigia.

Aliona mara ya kwanza akadhani ni vumbi. Mara ya pili akaweka kikombe chini. Kufikia mara ya saba alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, na mara ya kumi na moja akasimama.

Chanzo cha hasira yake kilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa Njau. Njau alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu kwenye kwaya. Alimkonyeza Warigia wakati wa mazoezi ya Krismasi, akamkonyeza tena Pasaka, na kabla ya Krismasi nyingine walikuwa wamefunga ndoa. Ilidumu miaka minne. Mwaka wa nne Njau alimkonyeza mwimbaji wa sauti ya kwanza kutoka kanisa la jirani, na huyo naye akaelewa. Siku Warigia aliporudi Kalimoni na masanduku mawili, Magdalene alimwambia hatamuuliza chochote, ila atamwomba ahadi moja: mwanamume mwingine wa kukonyeza asikanyage uwanja wake. Warigia aliahidi. Haikuwa ahadi ngumu, maana wakati huo hakutaka mwanamume wa aina yoyote, mwenye macho au asiye nayo.

"Mwalimu," alisema Magdalene, kwa sauti ya kufika mpaka duka la chini, "huyu hapa anamkonyeza mtoto wangu."

Penseli nane zilisimama. Boaz alibaki mkono umenyooka na jicho limefumbwa, akawa kama sanamu ya hatia yake mwenyewe.

Mwalimu Daksha hakucheka, na kwa hilo alistahili pensheni ya pili. Alieleza polepole kwamba mchoraji akitaka kujua urefu wa kitu, hunyoosha mkono, hufumba jicho moja, huweka ncha ya penseli juu ya kitu na kidole gumba chini yake, kisha hukipeleka kipimo hicho pembeni kulinganisha na upana. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Akawaomba waonyeshe. Watu wazima wanane wakanyoosha mikono na kuzikonyeza ndizi kwa heshima zote.

Magdalene alitazama onyesho hilo. Ni mwanamke wa haki, na aliona kwamba jambo lina maelezo. Karibu aketi. Lakini miaka mingi ya kuwatenga nguruwe kwenye lango imemfundisha kuangalia pua zimeelekea wapi, na penseli nazo zina pua.

"Ndizi ziko hapa," alisema, akionyesha meza. "Wote mnapima hapa. Yeye alikuwa anapima kule."

Wambua, dereva wa lori mstaafu aliyekaa karibu na Boaz, alichungulia karatasi ya jirani yake, akarudisha macho kwenye ndizi zake haraka kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

"Boaz," alisema Mwalimu Daksha. "Naomba karatasi."

Aliipokea, akaiangalia kwa muda uliozidi kidogo ule unaohitajika. Halafu, kwa kuwa alikuwa na sheria kwamba kazi ya mwanafunzi haifichwi, aliisimamisha mezani. Hapakuwa na ndizi. Palikuwa na Warigia, ameinama juu ya ubao wake, nywele zimefungwa nyuma, kama alivyokaa Jumamosi tatu mfululizo.

Warigia alisimama, akavua aproni yake ya kazi, akaikunja mara nne ingawa mara mbili zingetosha, na kutoka. Mama yake alimkuta amekaa kwenye ngazi ya tano kutoka juu, akaketi ya sita kwa sababu ya magoti.

Chini yao mashine ya kushona ya fundi wa duka ilikuwa ikilia.

"Mami, nina miaka thelathini na tatu," alianza Warigia.

"Ulikuwa na ishirini na sita yule mwingine alipokukonyeza. Miaka haikukusaidia."

"Huyu hakukonyeza. Alikuwa anapima."

"Kupima nini? Wewe ni gunia?"

Warigia alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, akachagua kuvua miwani na kuifuta. Ndipo akasema yale ambayo hakuwa amemwambia mtu. Jumamosi ya kwanza ya ndizi, wakati wa mapumziko, Boaz alimsubiri pale chini mlangoni, kofia mkononi, akamuuliza kama anaweza kuja Kalimoni kumsalimia mama yake. Hakusema waende kunywa soda wala hakuomba namba ya simu. Alitaka kuja nyumbani, mchana, avae koti, asalimie. Warigia, kwa kuwa hakuwa na jibu, alimpa tarehe. Alimwambia siku ndizi hizo zikiondoka mezani, atamjibu.

"Na leo ndiyo siku ya mwisho," alisema.

"Ungemwambia nini?"

"Sijui. Nilikuja leo nikijua. Sasa sijui tena. Jumamosi tatu ananiangalia na sijui. Njau pia alianza kwa kuniangalia."

Magdalene alikuwa amejiandaa kwa vita vya watu wasio na nguo, na hapa palikuwa na mwanamume aliyetaka kuja kwake amevaa koti. Aliuliza tu kama Warigia anampenda. Warigia akasema hilo si swali lake. Swali lake ni kama macho yake yenyewe yanaweza kuaminiwa, yeye anayewauzia watu macho siku sita kwa wiki. Alikosea mara moja akalipa miaka minne. Akikosea tena, alisema, atarudi Kalimoni na masanduku mawili na hatatoka tena, atawafuga nguruwe mpaka afanane nao.

"Nguruwe hawana shida," alisema Magdalene, kidogo ameumia. Akashika ukuta na kusimama. "Twende ukamuulize. Mtu akiulizwa mbele ya watu, uso husema kabla ya mdomo."

Chumbani hakuna aliyekuwa amechora mstari mmoja, ingawa wote walikuwa wameinama kwa bidii isiyo ya kawaida. Boaz alikuwa amesimama kando ya dirisha. Warigia alimwendea, akasimama mbali kidogo, umbali wa mkono na penseli.

"Mbona hukuniuliza?" alisema.

"Nilikosea," alisema Boaz. "Ningekuuliza."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza mbona."

Boaz aliangalia mikono yake. Alisema kwamba siku ya kwanza alianza ndizi kama wengine. Alichora moja. Halafu akawaza kwamba akizimaliza zote tatu atakuwa amebaki na jibu tu la kusubiri, na jibu lenyewe linaweza kuwa hapana. Akaona heri asizimalize. Akageuza karatasi ili mkono usikae bure, na alichokuwa akikiona ng'ambo ya meza kilikuwa ni yeye.

"Nilijua ndizi zitaoza," alisema. "Lakini niliona nikiwa sijachora, ni kama siku haijafika."

"Na ungeniomba nikae, ningekaa."

"Ungekaa vizuri." Alisita. "Ukijua unaangaliwa unashusha nywele upande wa kushoto. Nilitaka sikio."

Warigia aliinua mkono kuelekea sikio lake, akauzuia njiani. Aligeuka na kuichukua karatasi mezani.

Mchoro haukuwa wa ajabu. Mtu asidanganyike kwamba mapenzi hufundisha watu kuchora. Pua ilikuwa nene, mkono mmoja ulionekana una vidole sita, na kwa kuwa kifutio kilikatazwa, vyote vilibaki vilivyo. Lakini sikio la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, upana wa kidole, mahali pake hasa.

Warigia hakuwahi kumwambia mtu habari za sikio hilo. Alizaliwa nalo. Miwani yake ilikuwa ikilala upande tangu darasa la tano, na mara tu alipoajiriwa kwenye duka la miwani alikaa na koleo dogo akaupinda mkono wa kushoto mpaka vioo vikakaa sawa, na tangu hapo uso wake ukawa sawa mbele ya watu wote. Njau alilala kando ya sikio hilo miaka minne. Siku walipopiga picha za pasipoti alimwambia tu kwamba ana tabia ya kuinamisha kichwa, ajirekebishe.

"Ulijuaje?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Nilipima. Mara ya kwanza nikadhani penseli imeteleza, nikapima tena." Boaz aliangalia karatasi. "Nimepima mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hilo nalo nakubali."

Magdalene alikuwa amefika nyuma ya binti yake. Aliichukua karatasi, akaisogeza mbali, akaileta karibu, maana miwani aliyotengenezewa bure na Warigia alikuwa ameiacha nyumbani. Aliangalia sikio. Aliliangalia mpaka Wambua akakohoa.

Kisha akafanya jambo ambalo binti yake hakuwa amemwona akifanya nje ya nyumba yao. Alifungua fundo la kilemba, akakivua, akakikunja. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe. Sikio lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, upana wa kidole.

"Hili ni la kwetu," alimwambia Boaz. "Lilikuwa la mama yangu pia. Mume wangu, apumzike, alikufa akidhani napenda kufunga kilemba upande."

Alivuta kiti chake mpaka kando ya meza ya ndizi, akaketi uso ukiwa umemwelekea fundi wa mizani, mgongo umempa binti yake.

"Kaa. Chora. Kama ni kupima, pima mbele yangu nikuone."

Boaz aliomba karatasi mpya. Mwalimu Daksha alimpa, akawaambia wengine waendelee, na wengine wakaendelea kutazama. Boaz alinyoosha mkono. Alifumba jicho. Magdalene alilitazama jicho hilo jinsi mnunuzi anavyotazama mshale wa mizani.

"Nyumbani ni wapi?"

"Ruiru, Mama."

"Ruiru si nyumbani, ni mahali pa kushukia. Baba yako alitoka wapi?"

"Vihiga. Mimi nilizaliwa Ruiru."

Magdalene alivuta pumzi ndefu kupitia puani. Vihiga haikuwa karibu, na haikuwa kwenye orodha aliyokuwa ameiweka moyoni kwa miaka. Aliuliza kama huko wanafuga nguruwe.

"Wengine. Wengi zaidi ni kuku."

"Kuku si kazi," alisema. "Lakini ni mwanzo. Unakunywa?"

"Chai, Mama."

"Unaimba kwaya?"

"Hapana. Sina sauti."

Ilikuwa mara ya kwanza mchana huo Magdalene kuonekana ameridhika. Alikaa kidevu juu, akiacha uso wake upimwe, mikunjo na yote. Dakika kumi zilipita. Penseli ilikwaruza karatasi. Warigia alisimama nyuma, mgongo kwenye mirundo ya vitambaa ambayo hairuhusiwi kuguswa, akimtazama mtu huyo akimtazama mama yake. Alimchunguza kama anavyowachunguza wateja wanaosema wanaona vizuri. Boaz hakuwa akitabasamu. Hakuwa akijitahidi kupendeza. Alikuwa amekunja uso kwa wasiwasi, akipima, akikosea, akipima tena, na kila alipofungua jicho alifungua yote mawili.

Magdalene, bila kugeuza kichwa, alinyoosha mkono mezani. Akachukua ndizi ya kwanza, ikaninginia. Akaitia mkobani. Akachukua ya pili.

"Mama," alisema Mwalimu Daksha, "hizo tunazo mpaka saa kumi na moja."

"Zimekwisha, Mwalimu. Nguruwe watazila." Akachukua ya tatu, akafunga mkoba, akapangusa vidole kwa kilemba chake. "Wiki ijayo weka viazi. Hivyo vinakaa."

Meza ikabaki tupu, nzi wawili wakiizunguka bila la kufanya.

Penseli ya Boaz ilisimama. Aliangalia meza. Halafu, juu ya kichwa cheupe cha Magdalene, aliangalia kule alikokuwa ameangalia Jumamosi tatu. Hakunyoosha mkono na hakupima. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyewekwa kwenye mizani akisubiri mshale utulie.

Warigia alishika nywele zilizokuwa zimeponyoka upande wa kushoto, akazirudisha nyuma ya sikio. Kisha akafumba jicho moja, taratibu, akalifumbua.

Hakuwa na penseli mkononi.

Mstari ambao Boaz alikuwa akiuchora uliteleza kutoka kwenye kidevu cha Magdalene, ukapita shingo, ukafika ukingoni mwa karatasi. Kwa mujibu wa sheria za darasa haukufutwa.

"Kijana," alisema Magdalene, aliyekuwa ameketi mgongo kwa binti yake na kwa hiyo hangeweza kuona kitu ila uso wa Boaz, "chora. Na huko nyuma yangu, ahadi ilikuwa ya wanaume wa kukonyeza tu, wanawake haikuwataja. Nakumbuka vizuri."